Wasomaji Wauliza: Kuomba Kitabu Kabla Hakijafika Dukani

Safari hii barua nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu anayeanza kuhakiki vitabu apateje nakala za awali? Hizi ni zile nakala ambazo mchapishaji huwapa wahakiki bure, mara nyingi miezi mitatu hadi sita kabla ya kitabu kuanza kuuzwa, ili siku kinapotoka kiwe kimeshaanza kuzungumzwa. Tumechagua barua saba. Majina tumeyaacha, mitaa tumeiweka.

Ndugu Mhariri, nina ukurasa wa Facebook wa kuhakiki vitabu vya Kiswahili. Una miezi mitatu na wafuasi 240, na nimeshaandika tahakiki tisa. Nimewaandikia wachapishaji wanne wa Nairobi, hakuna hata mmoja aliyejibu. Barua niliyotuma ni hii: "Hamjambo. Mimi ni mpenzi mkubwa wa vitabu kutoka Lamu. Naomba mnitumie vitabu vyenu vipya ili niwatangazie kwenye ukurasa wangu. Nitawasifu vizuri. Asanteni." Nimekosea wapi? (Dada wa Langoni, Lamu)

Dada, tahakiki tisa kwa miezi mitatu ni kazi ya mtu mwenye bidii, na ajabu ni kwamba barua yako haikuitaja hata moja. Mtu wa masoko anayeisoma haoni tofauti yako na wale wengine wote wanaotaka kitabu cha bure. Kupenda vitabu hakumsaidii. Anachotaka kujua ni kama unavimaliza, kama unaandika, na nani anakusoma.

Tuipitie. "Vitabu vyenu vipya": vipi? Kampuni moja hutoa vya chekechea, vya kemia na riwaya kwa pamoja. Asiyetaja kitabu amemwachia mwenzake kazi ya kuchagua, na mwenye kazi nyingi huiweka barua kando. "Nitawasifu vizuri" ndilo kosa kubwa zaidi. Ulidhani unawavutia, kumbe umewaambia kwamba maneno yako yamekwisha kununuliwa kabla hujafungua jalada. Sifa ya namna hiyo haina bei hata kwa anayesifiwa. Mwisho, hukuweka kiungo cha ukurasa, hukusema unataka karatasi au faili, wala hukutaja siku ya kumaliza.

Jaribu hivi, ukijaza nafasi kwa mambo yako:

"Kwa Afisa wa Masoko. Naitwa fulani, nahakiki riwaya na mashairi ya Kiswahili kutoka Lamu. Katika miezi mitatu iliyopita nimechapisha tahakiki tisa. Mbili zilizo karibu na kazi zenu ni hizi (viungo viwili). Ukurasa wangu una wafuasi 240, wengi wao walimu na wanafunzi wa Lamu na Malindi. Naomba nakala moja ya (jina la kitabu na la mwandishi, na ISBN, yaani nambari ya utambulisho wa kitabu, ukiipata), kinachotarajiwa kutoka mwezi fulani. Faili ya EPUB au PDF itanitosha. Nitaandika maneno 600 hadi 800 katika wiki tatu baada ya kuipokea, na siku itakapotoka nitawatumia kiungo. Ikiwa kitabu hakitanifaa, nitawaarifu mapema. Wenu, (jina kamili, simu)."

Haifiki maneno 150, na ndivyo inavyotakiwa. Usiseme wafuasi wako ni "wengi". 240 ni idadi ya heshima ikiwa ni watu wanaosoma kweli, na ukiisema wazi unaaminika. Kama hujui hao 240 ni akina nani, waulize kwenye ukurasa wiki hii, uhesabu majibu. Kichwa cha barua pepe nacho kiwe na jina la kitabu: "Ombi la nakala ya kuhakiki", kisha jina. Barua yenye kichwa "Salamu" huzama.

Anwani utaipata kwenye ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye kitabu chochote cha kampuni hiyo. Piga simu ya ofisi uulize jina na barua pepe ya anayeshughulikia masoko ya vitabu vya fasihi. Swali hilo moja la simu huokoa miezi, kwa sababu barua zinazotumwa kwenye anwani ya jumla husomwa na karani asiye na mamlaka ya kutoa hata kalamu.

Majira nayo yana neno. Wachapishaji wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule. Kuanzia Novemba hadi Januari, shule zinapojiandaa kufungua mwaka, idara za mauzo hazina muda na riwaya. Andika Februari hadi Aprili, au mara baada ya maonyesho ya vitabu ya Nairobi ya kila Septemba, ambapo kampuni nyingi huonyesha vitabu vyao vipya. Ukishatuma, ngoja wiki tatu, kumbusha mara moja kwa mistari miwili, kisha nyamaza. Anayekumbusha kila siku kwa WhatsApp hukumbukwa, ila si kwa kheri.

Na usishangae ukiambiwa hakuna nakala ya awali. Kwetu hapa desturi hiyo ni changa upande wa Kiswahili. Kampuni nyingi zina nakala za bure baada ya kitabu kutoka, si kabla, na hizo ndizo za kuombwa, katika miezi miwili mitatu ya mwanzo. Kuna mlango mwingine ambao wahakiki wapya huusahau: mwandishi mwenyewe. Mkataba wa uchapishaji kwa kawaida humpa mwandishi nakala kadhaa za bure, na aliyejichapishia anazo boksi zima nyumbani. Mwandishi wa riwaya ya kwanza hujibu barua siku hiyo hiyo.

Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Nimejiunga na NetGalley, nikaomba vitabu 14 katika wiki moja. Kumi na moja nimekataliwa, vitatu bado vinangoja. Je, ni kwa sababu niko Kenya? (Mwalimu wa Maweni, Malindi)

Mwalimu, nchi ina sehemu yake, lakini tuanze na vilivyo mikononi mwako.

NetGalley ni mtandao ambao wachapishaji huweka faili za vitabu vijavyo. Msomaji hujiunga bure, huomba, na mchapishaji mwenyewe ndiye anayekubali au kukataa. Anapofungua ombi lako anaona wasifu wako, na huo ndio barua yako ya maombi. Ukiwa mtupu, umekataliwa. Andika sentensi nne au tano: unafundisha nini, kidato gani, unasoma aina gani za vitabu, unachapisha wapi maoni yako, na viungo vinavyofunguka. Wakati wa kujiunga huwa unachagua kundi. Ikiwa ulijiweka mhakiki wa kawaida na hali huna tahakiki hata moja hadharani, badilisha ujiweke mwalimu. Wachapishaji wa vitabu vya vijana wana haja na walimu, kwa sababu mwalimu mmoja ana wasomaji arobaini darasani.

Kisha soma masharti ya kila mchapishaji kwenye ukurasa wake wa humo humo, ambako wengi hueleza wanamkubali nani. Anayetaka wakutubi na wenye maduka ya vitabu tu hatabadilika kwa ajili yako, usipoteze ombi.

Sasa nchi. Haki za kuchapisha kitabu cha Kiingereza hugawanywa kwa maeneo. Riwaya ile ile inaweza kuwa na mchapishaji mmoja New York mwenye haki za Marekani na Kanada, na mwingine London mwenye haki za Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola, na mara nyingi Kenya huingia kwenye fungu hilo la pili. Ukimwomba yule wa New York, anakataa bila kukuchukia: hana haki ya kuuza kitabu hicho Malindi, basi maoni yako hayamletei chochote. Tafuta toleo la Uingereza la kitabu hicho hicho. Pengine katika hao 11 waliokukataa, kadhaa ni wa Marekani. Warudie uhesabu.

Kuna vitabu vyenye kitufe cha kusoma papo hapo bila kungoja idhini. Anza na hivyo, lakini kwa adabu, maana hapa ndipo wageni wanapojitia kitanzi. NetGalley huhesabu uwiano kati ya vitabu ulivyopata na ulivyotolea maoni, na yenyewe inapendekeza uwiano usipungue asilimia 80. Mtu akichukua 12 kwa pupa akaandika kuhusu vitatu, yuko kwenye 25. Ili afike 80 inabidi aandike kumi kati ya hivyo 12, na wakati huo kila mchapishaji anayemwomba anaiona ile 25. Chukua viwili. Vimalize, uandike, uchukue viwili vingine. Ukifikisha vitano vyote vikiwa na maoni, uwiano wako ni 100, na hapo ombi lako lina uzito kuliko la mtu mwenye vitabu 60 na uwiano wa 40.

Angalia pia tarehe mbili. Ya kwanza ni ya kitabu kuondolewa kwenye orodha: ikipita kabla hujapakua, kimekwenda, japo maoni bado unaweza kuyatuma. Ya pili ni ya faili yenyewe. Faili zenye ulinzi, na zile unazosomea kwenye programu yao ya simu, hujifunga siku 55 baada ya kupakuliwa. Mwalimu aliyepakua kitabu mwishoni mwa muhula akisema atakisoma likizo, kisha likizo ikaingiliwa na usahihishaji, hukuta kimejifunga ukurasa wa 90. Pakua siku unayoanza kusoma.

Edelweiss ni mtandao wa pili wa namna hiyo, umejengwa zaidi kwa ajili ya wenye maduka na wakutubi, na kwa mgeni ni mgumu zaidi. LibraryThing, mtandao wa wasomaji, nayo ina mpango wa kila mwezi wa nakala za awali. Kila kitabu kimeandikiwa nchi zinazoruhusiwa, basi tazama kwanza kama Kenya imo. Mitandao hiyo miwili iache hadi mwakani.

Mhariri, niko Shela. Mwandishi mmoja alinitumia kitabu cha karatasi kutoka Nairobi, hakikufika mpaka leo. Nifanyeje wengine wasipotee? (Msomaji wa Shela, Lamu)

Kwanza uulize Malindi. Si mzaha. Kuna Shela ya Lamu na kuna Shella ya Malindi, na karani wa Nairobi aliyeona "Shela, Pwani" ana nafasi sawa ya kukosea na kupatia. Andika "Shela, LAMU" kwa herufi kubwa pamoja na msimbo: 80500 ni Lamu, 80200 ni Malindi. Tarakimu hizo tano zinafanya kazi kuliko maelezo yote ya nyumba karibu na msikiti.

Posta ya Kenya kwa kawaida haileti barua mlangoni. Inaziweka kwenye sanduku. Kama huna S.L.P. yako, omba ruhusa ya kutumia ya shule au ya ofisi ya jamaa, na jina lako liandikwe juu, la mwenye sanduku chini yake. Jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtu anayejulikana mtaa mzima kwa jina la utani hujikuta akibishana na karani aliyeshika kifurushi chake mkononi. Nambari ya simu iandikwe nje ya bahasha, si ndani.

Njia inayotumika zaidi kwa kitabu kimoja ni basi. Anayetuma anakipeleka ofisi ya vifurushi ya kampuni ya basi, analipa, anapewa risiti, na akutumie picha ya risiti hiyo kwa simu, kwa sababu nambari yake ndiyo utakayoulizwa. Kwa mtu wa Malindi safari inaishia ofisi ya basi mjini. Kwa mtu wa Lamu bado kuna Mokowe, gati ya upande wa bara, na boti. Muulize karani waziwazi: kifurushi kinabaki Mokowe au kinavushwa hadi ofisi ya Lamu? Vingi "vinavyopotea" vimekaa kwenye rafu upande wa pili wa maji vikingoja mwenyewe, naye anangoja simu.

Kwa hiyo mkiahidiana muda na mchapishaji, hesabu kuanzia siku ya kupokea. Msimu wa masika Mto Tana ukifurika pale Gamba, barabara ya Garsen hukatika na mabasi hulala njiani. Mtu wa masoko aliyeko Nairobi hayajui hayo, mwambie mapema.

Kuhusu wachapishaji wa nje, omba faili tu. Gharama ya kutuma kitabu kimoja cha karatasi kutoka Ulaya hadi Lamu huweza kupita bei ya kitabu chenyewe, na ombi la karatasi ni sababu tosha ya kukukataa. Kwa mwandishi wa Nairobi, jitolee kulipa usafiri. Wengi watakataa kwa upole na walipe wenyewe, ila wameshaona uungwana wako.

Sabalkheri Mhariri. Nimepewa prufu ya diwani ya mashairi, nayo ina makosa mengi. Mishororo mingine mizani haitimii. Nimekubali kuihakiki, na sitaki kusema uongo. Niandike ukweli au ninyamaze? (Msomaji wa Mkomani, Lamu)

Uandike ukweli, baada ya kuhakikisha kosa ni la nani. Prufu si kitabu kamili. Imepangwa kurasa lakini haijasahihishwa mara ya mwisho, na ndiyo sababu jalada lake huandikwa kwamba si toleo la mwisho. Kwenye riwaya, kosa la chapa ni usumbufu tu. Kwenye shairi linaua.

Tazama mfano huu tulioutunga. Mshairi ameandika:

Mashua yaja gatini, mizigo wanaishusha

Vipande viwili, mizani, yaani silabi, nane kwa nane. Mpangaji kurasa asiye na sikio la shairi anaiona ile "i" ya katikati, anadhani ni kosa la kidole, anaiondoa:

Mashua yaja gatini, mizigo wanashusha

Kwa macho ya nathari hakuna kilichoharibika. Kwa mtu wa Lamu aliyelelewa na tenzi, kipande cha pili kimebaki na mizani saba, mshororo umechechemea. Ukiandika kwamba mshairi hajui kuhesabu, umemdhulumu. Makosa mengine ya aina hiyo: ritifaa ya ng' kuanguka, koma ya katikati ya mshororo kutoweka kiasi cha ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili, kuungana, na kibwagizo cha ubeti mmoja kuhamia juu ya mwingine.

Utaratibu ni huu. Orodhesha kila penye shaka: ukurasa, ubeti, mshororo, ulivyokuta na unavyodhani ilitakiwa iwe. Mtumie mhariri aliyekupa prufu, umuulize kama toleo la mwisho limerekebishwa. Atashukuru, maana umemfanyia kazi ya bure, na jina lako litabaki kwenye daftari lake kwa diwani ijayo. Orodha hiyo usiichapishe. Mishororo utakayoinukuu katika tahakiki ilinganishe na kitabu kilichotoka, na nambari za kurasa vilevile, kwa sababu huhama. Ikiwa huna njia ya kulinganisha, mwombe mhariri akuthibitishie mishororo hiyo tu.

Baada ya hayo, kama mizani bado haitimii katika toleo lenyewe, au inatimia lakini shairi halina roho, sema. Nakala ya bure haikununui. Onyesha ubeti ulioanguka, eleza umeanguka wapi, uonyeshe na uliosimama. Ila usimtaje mwandishi kwa namna ya kumwita aje asome lawama kwenye ukurasa wako; hiyo ni kumgongea mtu mlango kwenda kumtukana. Na kama umefika theluthi ya kitabu ukaona hukiwezi, mwandikie mchapishaji sentensi mbili umwambie hutakihakiki. Ukimya ndio unaowaudhi, kuliko kukataa.

Tahakiki yako ianze au imalizie kwa mstari kama huu, uonekane bila kutafutwa: "Nakala hii nilipewa bure na mchapishaji kabla ya kitabu kutoka." Sheria za matangazo za Marekani zinawataka watu wa huko waseme hivyo. Wewe wa Mkomani hazikufungi, lakini msomaji wako ana haki ile ile ya kujua.

Kuna mtu kwenye Telegram anasema atanisajili nipate nakala za awali kila mwezi kwa shilingi 1,500. Nimtumie? (Kijana wa Muyeye, Malindi)

Usimtumie. NetGalley, Edelweiss na LibraryThing hazimtozi msomaji hata senti. Wachapishaji na waandishi ndio wanaolipia kuweka vitabu kwenye mitandao kama hiyo. Mtu anayeuza "usajili" ama atakufungulia akaunti ambayo ungeifungua mwenyewe kwa dakika kumi, ama atakugawia faili za wizi. Na nakala za awali mara nyingi hutiwa alama ya siri au jina la aliyepewa, basi faili ikitapakaa hujulikana ilitoka kwa nani. Hii ni kwa kila mtu: faili uliyopewa usiisambaze, hata kwa binamu, hata kwa kundi la darasa.

Kinyume chake pia kipo. Mwandishi akitaka kukulipa ili umpe nyota tano, kataa. Duka la Amazon linaruhusu mhakiki kupewa kitabu bure, lakini linakataza malipo na linakataza mwandishi kuweka sharti la sifa. Hilo duka, kwa hakika, wengi wenu halitawapokea: ili uandike maoni kwenye Amazon.com inabidi uwe umenunua vitu vya angalau dola 50 kwa kadi katika miezi 12 iliyopita. Mwambie mwandishi mapema kwamba huko huna ruhusa. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa kutolea maoni ya vitabu, ingawa ni mali ya Amazon tangu 2013, haina sharti hilo, na akaunti ni bure.

Sina kompyuta wala kisomeo cha vitabu, nina simu tu, na bando ni la kuhesabu. Naweza kuwa mhakiki? (Mwanafunzi wa Matondoni, Lamu)

Unaweza, ukichagua faili sawa. Omba EPUB. Faili ya riwaya isiyo na picha kwa kawaida haizidi megabaiti chache, na maandishi hujipanga upya kulingana na upana wa kioo, ukiyakuza yanashuka mstari. PDF ni picha ya ukurasa: kwenye simu ya inchi sita utakuwa unausukuma ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari, na ukifika ukurasa wa ishirini umeshachoka na kitabu kisicho na kosa. Vitabu vya watoto na vya upishi, vyenye picha tele, viache. Ni vizito kupakua na kwenye simu havionekani.

Mashairi ni kinyume. Hapo EPUB inaweza kuvunja mshororo mrefu katikati, basi ilaze simu ubavu au omba PDF.

Kabla ya kuomba chochote, andika tahakiki kumi za vitabu ulivyokwisha kuvisoma: vya shule, vya kuazima, vya maktaba iliyomo ndani ya Ngome ya Lamu. Hazihitaji kuwa vitabu vipya. Ila mwongozo wa kitabu teule, wenye wahusika, dhamira na maswali ya marudio, si tahakiki. Ni huduma ya mtihani. Tahakiki inasema kitabu hiki kimefanya nini, kwa mbinu gani, na kimemfaa nani.

Fungua na daftari la kawaida lenye safu sita: kitabu, nani nimemwomba, tarehe ya kuomba, tarehe ya kupokea, siku niliyoahidi, kiungo nilichotuma. Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mchapishaji asiyeletewa kiungo hajui kama uliandika, na mara ya pili hatoi.

Nikimaliza, kitabu kile ni changu? Naweza kuuza, au kukipa shule? (Msomaji wa Mokowe)

Kuuza, hapana, nakala za awali za karatasi huandikwa kwamba si za kuuzwa, na ukiuza kabla kitabu hakijatoka unamnyang'anya mwandishi mnunuzi. Ile ya bure ya toleo kamili, aliyekupa akikubali, ipe shule. Prufu isiende maktaba ya shule, kwa sababu mwanafunzi atakariri makosa yake na kuyanukuu. Mpe rafiki anayesoma kwa raha, baada ya siku ya kutoka, au ibaki nawe na alama zako za kalamu pembeni. Faili haigawiwi kwa yeyote.